Kushiriki Mbio za Klabu za Pikipiki Nchini Uganda: Mwongozo kwa Mwendeshaji wa Ridhaa

Katika mkutano wa klabu wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye miruko, mwendeshaji wa ridhaa hukaa uwanjani siku mbili nzima, ilhali muda anaoutumia juu ya pikipiki akishindana ni mfupi sana. Raundi moja ya mashindano ya dunia huendeshwa kwa dakika 30 na kuongezewa mizunguko miwili. Raundi za klabu huwa fupi zaidi, na za watoto fupi kuliko hizo. Saa zote zinazobaki hupita chini ya hema, kando ya pikipiki, na ndizo zinazoamua ni nani atakayemaliza raundi zake zote na ni nani atakayeitazama raundi ya mwisho akiwa amekalia jerikeni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa kwa mkutano wake wa kwanza au wa pili, iwe ni Garuga, kwenye uwanja wa Victoria Raceway Park ulio upande wa barabara ya Entebbe karibu na ziwa, au Busiika katika wilaya ya Luwero, kwenye barabara itokayo Gayaza kuelekea Ziroobwe. Nitazungumzia kasi kwa uchache. Nitazungumzia zaidi kazi ya katikati ya raundi, kwa sababu ndiyo ambayo wageni wengi huipuuza.

Karatasi, daraja na chombo chenyewe

Mchezo huu nchini unasimamiwa na shirikisho la vilabu vya michezo ya magari na pikipiki, ambalo watu wa uwanjani huliita kwa herufi zake, FMU. Njia ya kuingia ni klabu: unajiunga na klabu iliyo mwanachama wa shirikisho, unaomba leseni ya mashindano, kisha unajiandikisha kwa mkutano unaoutaka kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa. Kwa mtoto, saini ya mzazi au mlezi ni ya lazima, na mzazi huyo anapaswa kuwapo uwanjani. Kila mkutano hutolewa kanuni zake zenye ratiba, madaraja, ada na utaratibu wa malalamiko. Zisome zote kabla ya kulipa, kwa kuwa lolote nililoliandika hapa likipingana na karatasi hiyo, karatasi ndiyo ya kufuatwa.

Madaraja hupangwa kwa ukubwa wa injini na kwa umri. Watoto huanza na 50cc, wakapanda 65cc na 85cc, halafu 125cc. Watu wazima hukimbia MX2, ambayo kimataifa ni ya injini za mipigo miwili hadi 125cc na za mipigo minne hadi 250cc, au daraja kubwa linalofika 450cc. Mtu mzima anayeanza ningemshauri achague 250cc ya mipigo minne iliyotunzwa vizuri na aachane na 450cc, hata akiipata kwa bei nafuu. Injini ya 450cc hutoa zaidi ya nguvu farasi 50 kwenye chombo kisichozidi kilo 115 hivi, na mwendeshaji mgeni atatumia raundi nzima akipambana kuizuia badala ya kujifunza kuiendesha.

Vijana wengi wa Uganda wamejifunza pikipiki juu ya Bajaj Boxer au TVS ya boda boda, na hilo ni jambo jema: wana uwiano mzuri wa mwili, wanajua kusoma udongo mwekundu ulioloa, na hawaogopi utelezi mdogo. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo itawabidi wayabadilishe. Dereva wa boda hukaa, naye mkimbiaji wa motokrosi husimama karibu muda wote, akiwa amebana tangi kwa magoti. Dereva wa boda hutazama mita chache mbele ya gurudumu kwa sababu ya mashimo na watu, naye mkimbiaji hutazama mbali, mahali anapotaka kufika, na kuyaacha mashimo ya karibu yashughulikiwe na shokapu. Pikipiki ya boda yenyewe isipelekwe kwenye miruko. Shokapu za motokrosi zina mwendo wa takribani milimita 300, na fremu yake imejengwa ipokee mshindo wa kutua. Ya boda imejengwa kubeba mzigo barabarani.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ufupi. Helmeti iwe na alama ya viwango vya kimataifa, iwe ya kichwa chako na isiwe imewahi kuanguka na mtu. Buti ziwe za motokrosi, kwa maana kifundo cha mguu huvunjika kwa urahisi ndani ya buti za kazi. Kinga ya kifua na mgongo, kinga ya magoti, glavu na miwani vinafuata, na fedha zikibaki, kinga ya shingo. Mwenye bajeti ndogo apunguze kwenye jezi na rangi za kubandika, asipunguze kwenye hivi.

Wiki ya kuelekea mbio

Kazi kubwa ya fundi inapaswa kumalizika Alhamisi. Ijumaa ni siku ya kupakia, na kila kinachofunguliwa Ijumaa usiku huwa na boliti moja ambayo haikukazwa.

Anza na shokapu, kwa sababu pikipiki nyingi zinazokimbia hapa zimenunuliwa zikiwa zimetumika na zilipimwa kwa uzito wa mtu mwingine. Iweke pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, na upime umbali kutoka kwenye ekseli hadi alama moja juu yake kwenye madigadi. Kisha vaa mavazi yako yote, panda, simama juu ya vikanyagio huku mwenzako ameishika pikipiki, na mtu wa tatu apime tena. Tofauti kwa pikipiki kubwa iwe kati ya milimita 100 na 105. Ukishaipata, shuka na upime pikipiki ikiwa imesimama yenyewe bila mtu: itoe kati ya milimita 30 na 40 hivi. Ikitoa pungufu sana ya hapo, maana yake springi ni laini kwa uzito wako na umeibana kupita kiasi ili kufikia kipimo cha kwanza. Ikitoa zaidi sana, springi ni ngumu kwako. Kipimo hiki hakigharimu shilingi hata moja, nacho hubadilisha tabia ya pikipiki kuliko kifaa chochote cha kununua.

Jambo la pili ni hewa. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vyetu viko juu kidogo ya hapo. Kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 88 ya ule wa pwani, kwa hiyo injini hupata hewa pungufu na hupoteza sehemu ya nguvu zake. Injini zenye mfumo wa kudunga petroli hujirekebisha. Zenye kabureta hazijirekebishi: pikipiki iliyotoka Ulaya au Mombasa ikiwa na jeti zake za awali (vitundu vinavyopima petroli) itakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, itakohoa inapofunguliwa ghafla, na plagi yake itakuwa nyeusi yenye masizi. Badilisha jeti kwa hatua ndogo, na baada ya kila badiliko itazame plagi. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitafuta. Usivuke ukafika kwenye weupe, kwa sababu injini ya mipigo miwili inayokosa petroli hukosa pia mafuta ya kulainisha, na pistoni itakwama ukiwa katika kasi kubwa kabisa. Mchanganyiko wa oili na petroli ufuate kitabu cha mtengenezaji. Uwiano wa 40 kwa 1, kwa mfano, ni mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli, na upimwe kwa chombo chenye alama badala ya kukisiwa kwa kifuniko cha chupa.

Kisha mambo mepesi ya kukagua kwa mkono: spoki zote, mnyororo, sproketi, pedi za breki, kebo ya klachi, na mkono wa mafuta, ambao ukiachiwa lazima urudi wenyewe mara moja, usukani ukiwa umekatwa kulia na hata kushoto. Wakaguzi wataanza hapo. Watatazama pia vichwa vya wenzo za klachi na breki, ambavyo kwa kanuni za kimataifa vinapaswa kuwa na ncha ya mviringo, miisho ya usukani iliyozibwa, kitufe cha kuzima injini, na vikanyagio vinavyokunjika na kujirudisha. Wenzo uliovunjika ncha huonekana kitu kidogo hadi utakapomchoma mtu ubavuni, na kwa hiyo hawatakuruhusu nao.

Vipuri maalumu vya motokrosi havipatikani kirahisi Kampala kama vya boda. Kisekka na Katwe utapata boliti, waya, tyubu za ukubwa wa kawaida na fundi hodari wa kuchomelea, lakini wenzo wa breki wa modeli yako huenda ukahitaji kuagizwa nje na ukachukua wiki kadhaa. Uwe na akiba ya wenzo mbili, plagi, tyubu, kiungio cha mnyororo na kebo moja ya klachi. Na umzoee jirani mwenye pikipiki ya aina kama yako, awe wa Kampala au amevuka mpaka kutoka Kenya kuja kushindana. Katika padoki zetu, yaani eneo la mahema ya waendeshaji, watu huazimana vipuri bila kujali klabu, mradi mwombaji amekuja na salamu na anarudisha kilichoazimwa.

Jumamosi: kufika, kukaguliwa, kutembea uwanja

Fika asubuhi. Pikipiki ya mashindano haina namba ya barabarani, kwa hiyo ipakie kwenye pikapu na kuifunga kwa kamba mbili za mbele zilizobanwa kiasi, usizibane hadi shokapu zikajaa. Chagua nafasi yenye mteremko mdogo ili maji ya mvua yasituame chini ya hema. Misimu ya mvua nyingi katika ukanda huu ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini karibu na ziwa dhoruba ya alasiri inaweza kuja mwezi wowote, na kwa kawaida huja ghafla.

Baada ya usajili na ukaguzi, na kabla ya kuiwasha pikipiki kwa mara ya kwanza, tembea uwanja mzima kwa miguu. Waendeshaji wengi vijana huona aibu kufanya hivyo. Wazoefu ndio utakaowakuta huko, kimya, wakisukuma udongo kwa ncha ya kiatu. Katika kila kona tafuta mahali udongo ulipo mlaini na mahali ulipo mgumu. Panda kila mruko hadi kileleni usimame, uone sehemu ya kutua, kwa sababu ukiwa kwenye kasi hutaiona hadi uwe hewani. Tofautisha mruko wa meza na mruko wa pengo. Wa meza umejazwa udongo katikati, hivyo anayetua mapema hutua juu ya tambarare na huumia kidogo au haumii kabisa. Wa pengo hauna kitu katikati, na anayetua mapema hugonga ukuta wa mruko wa pili kwa gurudumu la mbele. Katika wikendi ya kwanza uuchukue kila mruko wa pengo kwa kuukanyaga, gurudumu likifuata udongo juu na chini. Utapoteza sekunde chache kwa kila mzunguko na hakuna atakayekucheka ambaye maoni yake yana uzito. Mwisho, kariri mahali walipo wapunga bendera wote.

Mazoezi yakianza, mizunguko miwili ya kwanza iwe ya polepole. Udongo mwekundu uliomwagiwa maji na gari la maji huwa na utelezi juu na ukavu chini, na utelezi huo huondoka baada ya magurudumu kuuchana. Anayekwenda kwa kasi katika mzunguko wa kwanza anakimbia juu ya uwanja ambao hautakuwapo tena dakika kumi baadaye. Upepo wa tairi uupime asubuhi zikiwa bado baridi. Kati ya psi 12 na 14 hufaa kwa wengi, ukishusha kidogo kwa tope na kupandisha kidogo pale penye mawe yanayobana tyubu.

Ikiwa mikono itakakamaa hadi vidole vishindwe kubana breki, na kwa mgeni itakakamaa, sababu kwa kawaida ni kung'ang'ania usukani. Bana tangi kwa magoti, legeza vidole, na uvute pumzi kwa makusudi kila unapofika kwenye sehemu iliyonyooka. Kuna watu husahau kupumua mzunguko mzima, nami sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Chujio la hewa na saa za katikati

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, lingekuwa hili. Chujio la motokrosi ni sponji iliyopakwa mafuta mazito yanayonata, na vumbi jekundu la viwanja vyetu ni laini kama unga wa muhogo. Sponji ikijaa, injini hukosa hewa. Sponji ikikauka au ikikaa vibaya kwenye kiti chake, vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda, ambako hukwangua pete za pistoni na viti vya vali. Injini za kisasa za mipigo minne, ambazo nyingi zina vali za kuingiza hewa za titani, huharibika haraka sana kwa njia hiyo. Utaona dalili kwanza katika ugumu wa kuwaka, halafu katika kupungua kwa nguvu, na hapo tayari fedha ya kufungua injini inahitajika.

Kwa hiyo njoo na machujio matatu au zaidi yaliyosafishwa na kupakwa mafuta nyumbani, kila moja ndani ya mfuko wake safi wa plastiki. Baada ya kila kipindi cha vumbi toa lililotumika, futa sanduku la hewa kwa kitambaa chenye unyevu huku umeziba mdomo wa injini kwa kitambaa kingine, paka grisi kidogo kwenye ukingo wa chujio jipya na uliweke kwa kulizungusha kidole pande zote kuhakikisha limekaa. Yaliyotumika yasioshwe kwa petroli, kwa sababu petroli hulegeza gundi inayounganisha tabaka za sponji. Tumia dawa yake, au mafuta ya taa kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, uyakamue kwa kubonyeza bila kuyasokota, na uyaache yakauke kivulini kabisa kabla ya kuyapaka mafuta tena. Vaa glavu za plastiki, ukandamize mafuta hadi rangi yake ienee kila mahali pasibaki doa kavu.

Likishakamilika chujio, fuata mpangilio uleule kila mara, pasipo kuruka hatua hata kama raundi imekwenda vibaya na moyo unauma. Mimi huanzia mbele ya pikipiki na kurudi nyuma: upepo wa tairi la mbele, spoki, breki ya mbele, boliti za usukani, maji ya rejeta injini ikishapoa, mlegeo wa mnyororo, spoki za nyuma, ekseli, kisha petroli. Tangi la motokrosi huchukua takribani lita sita hadi nane, nalo lijazwe kwa kiasi cha raundi inayofuata na akiba. Ukaguzi huu ukizoeleka hauzidi robo saa. Baada yake ndipo mwendeshaji anaruhusiwa kwenda kusalimia watu.

Mwili nao unahitaji utaratibu. Uganda iko kwenye Ikweta, na joto la saa sita hadi saa tisa mchana ndani ya mavazi hayo hukausha mtu haraka. Kunywa maji kidogo kidogo tangu Ijumaa, na siku ya mbio changanya baadhi yake na chumvi za kurudisha maji mwilini zinazouzwa katika maduka ya dawa. Kula mlo wa kushiba muda wa saa tatu hivi kabla ya raundi ya kwanza kuanza: katogo isiyo na mafuta mengi, au matoke, au wali. Kati ya raundi ndizi aina ya bogoya na tikiti maji hutosha. Rolex ni chakula kizuri, lakini kikubwa kiliwe jioni, kwa sababu mayai na chapati iliyokaangwa havikai vizuri tumboni juu ya matuta mfululizo. Vua jezi na kinga mara unaporudi kwenye hema, uketi kivulini, uinue miguu.

Lango la kuanzia

Jumapili asubuhi kuna mkutano wa waendeshaji, nao si wa hiari. Msimamizi mkuu wa mbio hueleza mabadiliko ya ratiba, sehemu hatari za uwanja na namna bendera zitakavyotumika. Msikilize, na kama kuna jambo hukulielewa, uliza hapohapo kwa heshima. Hakuna swali la kijinga mbele ya mruko.

Mwendeshaji huchagua nafasi yake langoni kwa kufuata muda wake wa mazoezi, kwa hiyo mgeni mara nyingi hupata nafasi zilizobaki. Zilizobaki si mbaya zote. Nafasi ya ndani kabisa ni fupi kufika kona ya kwanza, lakini ndipo watu wote hubanana; nafasi ya katikati kidogo kuelekea nje humpa mgeni uhuru wa kuamua atafunga breki lini. Nenda pale, utazame udongo ulio nyuma ya lango, na uufute kwa mguu ili gurudumu la nyuma lishike ardhi ngumu. Kwa kanuni za kimataifa kazi hiyo hufanywa na mwendeshaji mwenyewe bila zana wala msaidizi, na eneo lililo mbele ya lango haligusiwi.

Utaratibu wenyewe ni huu: ubao wa sekunde 15 huinuliwa na kushikwa kwa sekunde hizo zote, kisha hugeuzwa kuwa wa sekunde 5, na lango huanguka wakati wowote kati ya sekunde 5 na 10 baada ya hapo. Malango mengi huangukia upande wa mwendeshaji, kwa hiyo anayewahi huganda juu yake huku wenzake wakiondoka. Kaa mbele kabisa karibu na tangi, viwiko juu, kichwa juu ya usukani, gia ya pili kwa wengi, mkono wa mafuta karibu nusu ukiwa haubadiliki, na klachi kwenye mahali inapoanza kuvuta. Tazama kifungio cha lango kilicho mbele yako. Ukimtazama jirani, utaondoka baada yake kila mara. Lango likianguka, achia klachi kwa mlingano mmoja; ikiwa gurudumu la mbele litainuka, rudisha klachi kidogo bila kufunga mafuta.

Katika kona ya kwanza vumbi litaficha kila kitu. Shika mstari wako, usikate kwa ghafla kwenda upande wowote, na ukubali kupoteza nafasi mbili au tatu. Katika mfumo wa alama wa FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, mshindi wa raundi hupata 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18, wa tano 16, wa sita 15, na kuendelea hadi alama moja kwa wa ishirini. Klabu nyingine zinaweza kuwa na mfumo wao, lakini hesabu inafundisha jambo: aliyemaliza wa tano mara mbili ana alama 32, na aliyeshinda raundi moja kisha akaanguka katika nyingine ana 25. Kwa sababu hiyo nawasihi wageni wawaache wengine wapigane kwenye kona ya kwanza. Mizunguko ya mwisho, wenye haraka watakapokuwa wamechoka na mikono imekakamaa, ndiyo wakati ambao aliyepumua vizuri huwapata mmojammoja.

Bendera, na wakati wa kusimama

Bendera ya njano inayopungwa maana yake kuna hatari hapo mbele, mara nyingi mtu aliyelala nyuma ya mruko mahali usipomwona. Punguza kasi, usimpite mtu, na uvuke mruko magurudumu yakiwa ardhini. Nyeupe yenye msalaba mwekundu inaonyesha kwamba wahudumu wa afya wamo njiani, nayo ipewe utii uleule. Ya buluu inakuambia kuwa wenye kasi wanakuja kukuzunguka: baki kwenye mstari wako, usijaribu kuwapisha kwa kukata kando ghafla, wao watachagua njia. Nyekundu husimamisha raundi, nyeusi yenye namba yako hukutoa, na ya miraba humaliza. Mpunga bendera ni mtu anayesimama juani siku nzima ili wewe urudi nyumbani. Msalimu unapotembea uwanja Jumamosi.

Ukiangusha pikipiki, itoe kwanza njiani kabla ya kuikagua. Ukigonga kichwa, wikendi imekwisha hata kama unajisikia vizuri, na helmeti hiyo haivaliwi tena. Mtikisiko wa ubongo unaweza kujionyesha baada ya saa kadhaa kwa kichefuchefu, kuumwa kichwa, kusahau au kusinzia kusiko kwa kawaida, na pigo la pili kabla ya kupona lile la kwanza ni la hatari kubwa. Mwone daktari wa uwanjani, na asiwepo rafiki wala mzazi atakayekusukuma urudi langoni. Hili nalisema hasa kwa wazazi wa watoto wa 65cc na 85cc, ambao mapenzi yao kwa mchezo huu ndiyo yanayoufanya uishi: mtoto akisema hataki raundi ya mwisho, pakieni pikipiki.

Ukiwa na malalamiko kuhusu matokeo, yaandike na uyapeleke kwa utaratibu uliomo katika kanuni za mkutano pamoja na ada yake. Kimataifa muda ni dakika 30 baada ya matokeo kubandikwa. Usibishane na wanaoandika muda mezani.

Jumapili jioni na Jumatatu

Kabla ya kupakia, kusanya takataka za hema lako zote, pamoja na vipande vya plastiki vilivyong'olewa kwenye miwani na oili iliyomwagwa, ambayo ibebwe kwenye jerikeni na isiachwe kwenye udongo ulio karibu na ziwa. Rudisha ulivyoazima. Andika ukiwa bado unakumbuka: saa ngapi injini imefanya kazi, upepo wa tairi uliotumia, jeti zilizokuwamo, ni kona gani ulikuwa ukipitwa. Jumatatu osha pikipiki ukiwa umeziba sanduku la hewa na bomba la moshi, usielekeze maji ya nguvu kwenye bearingi za magurudumu wala kwenye mnyororo, kisha iwashe hadi ipate joto ili ikauke. Oili ya injini ya mipigo minne ibadilishwe baada ya wikendi ya namna hii, na pedi za breki zipimwe. Wenzo uliopinda uagize siku hiyohiyo, kwa kuwa safari yake kutoka nje inaweza kuwa ndefu kuliko muda uliobaki kabla ya mkutano unaofuata.